Ufunguo wa Pili

Mashine ya fundi ilionyesha namba 2, na fundi akasita.

"Mama, gari hili lina funguo mbili. Huu umevunjika. Wa pili anao nani?"

"Mwanangu."

"Basi aulete. Mashine yangu haijui kuongeza ufunguo mpya, inafuta zote kwenye kumbukumbu ya gari na kuanza upya. Huo wa pili usipokuwepo hapa, utabaki plastiki tu. Wakala wa kampuni anaweza kuunusuru, ila kwa bei yake utauza injini ubaki na viti."

Mama hakucheka. Bei ya wakala alishaiulizia, ndiyo maana yuko hapa. Gari lenyewe la kifahari, masalia ya enzi mumewe alipokuwa mkurugenzi. Sasa kazi ya gari hilo ilikuwa moja: kumpeleka huyo mume kliniki, maana miguu ilishamkataa.

Mwana aliondoka mwaka wa tatu huu, baada ya kukorofishana na baba yake, na hakupiga simu hata siku moja. Lakini ufunguo aliondoka nao, na mama alijipa moyo kwa hilo. Asiyekusudia kurudi angeuacha mezani.

"Nifute?"

Alitazama kidole gumba cha fundi, kilichochubuka kwa kubandua vifuniko vya funguo, kikisubiri juu ya kitufe.

"Futa."

Taa za gari zikawaka mara moja, zikazima. Namba 2 ikawa 0.

"Haya, mama. Sasa nakutengenezea wako."

"Tengeneza mbili," alisema.