Ndoa Iliyoingiwa na Mwanga

Sheria ilitambua tu ndoa iliyopigwa picha kwa mkanda wa filamu, kwa kuwa picha za simu ziliweza kubuniwa na mtu yeyote. Kwa hiyo Kalunde na Maganga walioana mbele ya kamera ya kukodi. Jioni, mama yake Maganga aliifungua kamera hiyo sebuleni ili amwone mwanawe alivyopendeza. Mwanga ukaingia kwenye mkanda ambao ulikuwa haujasafishwa, picha zote zikaungua.

"Nisamehe, mwanangu. Nilidhani zimo humu ndani."

"Zilikuwamo, mama," Kalunde alijibu.

Kisheria, alikuwa mgeni tena katika nyumba ile. Akamgeukia Maganga. "Basi kesho tuvae tena, tupigwe picha upya."

Maganga aliendelea kulegeza tai yake.

"Kesho?" alisema. "Tupumzike kwanza. Haraka ya nini?"