Jibu Lipo

Siku hizo hakukuwa na daktari aliyeruhusiwa kupasua moyo kabla mashine haijapata jibu la mlinganyo wa moyo huo, yaani hesabu ya mapigo yake. Tekla alisubiri miezi minne kwa ajili ya mumewe, Kalisti, aliyekuwa mgonjwa wa moyo, na hatimaye akaitwa hospitali.

"Hongera, mama," alisema mtaalamu wa hesabu. "Imethibitika kwamba jibu lipo."

"Ni lipi?"

"Hatulijui. Tumethibitisha kuwa lipo tu, si lilivyo. Na bila jibu lenyewe, sheria hairuhusu tumguse."

Tekla alibembeleza mpaka sauti ikamkauka. Aliporudi nyumbani, Kalisti alijiinua kitandani akihema.

"Wamesemaje?"

"Wamesema lipo."

Kalisti akacheka kwa furaha, akaomba apigiwe pasi shati la kwendea hospitali. Tekla akawasha pasi, akalitandaza shati mezani.