Uzi Ulipofika Katikati

Kila Jumamosi mama wa mchumba wake alimsuka Chancelvie kwa uzi mweusi, akiuviringisha kwenye kila fungu la nywele. Leo alicheka: "Bajukulu bangu batakuwa na nywele muzuri kama hii!"

Chancelvie akamshika mkono.

"Iko nini, mutoto yangu? Nakuvuta sana?"

Uzi ulisimama katikati ya fungu. Jana daktari alimweleza Chancelvie kwamba ndani ya kila seli uzi wa DNA huviringishwa hivi hivi, ukakunjwa kuwa kromosomu. Katika zake, moja ilikosekana tangu yeye mwenyewe alipotungwa tumboni mwa mama yake mzazi. Ndiyo maana hedhi haikuwahi kuja.

Angeweza kusema uzi unambana, na ingekuwa kweli.

"Mama," alisema, "mimi sitazaa."