Hatua Mbili Kutoka kwa Mwenge

Tangi la kioo lilikuwa jipya, na Kaa akajipa cheo cha kupanga matumbawe, maana ndiye aliyekuwa na sauti kubwa. Mchana huo Mwenge, tumbawe mwenye mikono inayochoma, alikuwa ameikunja yote. Kaa akapima hatua mbili kutoka kwake, akamweka hapo Uyoga, tumbawe mdogo asiyeweza kujisogeza.

"Mzee Kaa, mpime Mwenge akiwa amejinyoosha," alisema Kamba, yule kamba wa baharini aliyekuwa akifagia mchanga hapo karibu.

"Wewe mfagia mchanga ndiye wa kunifundisha vipimo?"

Taa zilipozimwa, Mwenge akanyoosha mikono kutafuta chakula. Zilipowashwa tena, nusu ya Uyoga ilikuwa imeungua.

Kaa akaitisha kikao. Mwenge akaomba radhi, tena kwa dhati. Uyoga akasamehe. Kaa akahutubia weee kuhusu ujirani mwema, kisha akaamuru kila mmoja abaki alipo.

"Na mikono?" Kamba akauliza. "Imefupishwa?"

"Dada, mbona una roho mbaya? Si wamepatana?"

Kamba akashusha pumzi. "Haya. Basi leo Uyoga alale pangoni kwako, na wewe ulale hapa, ubavuni mwa Mwenge."

Kaa akaitazama ile nafasi. Akakohoa.

"Unajua," alisema, huku keshaanza kulisukuma jiwe alilokalia Uyoga, "upande ule pana nafasi tele."

Kaa alipotaka kupumzika, Kamba akamwambia, "Sukuma, mzee. Hapo mikono bado inafika."