Mwiko wa Dawa

Kaka yake Paskazia alisimama mlangoni akiwa amebeba kichanga. Mkewe alikuwa amezikwa juzi, huko Ushirombo.

"Mdogo wangu, mlee wewe," alisema. "Mimi siwezi."

Tangu yeye na mumewe wahamie kijiji cha ujamaa, Paskazia alikuwa akinywa dawa ya uzazi. Alianza na vidonge vya misheni, kisha mizizi ya mganga, iliyomwachia uchungu mdomoni hata baada ya kula. Mganga alimpa mwiko mmoja: asipakate mtoto wa mwenzake mpaka apate wake.

"Ukimshika, dawa inaharibika," mumewe alisema. "Vumilia mpaka mavuno."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo."

"Safari hii mganga ameahidi."

Mtoto alilia kwa sauti iliyokauka. Midomo yake ilitafuta ziwa kwenye shati la baba yake, ikanyonya kifungo. Paskazia alihisi kamba ya dawa aliyofungwa na mganga ikimbana kiunoni.

"Nipe," alimwambia kaka yake, akampokea mtoto na kumpakata.

Mumewe aliinuka, akachukua kibuyu cha kukamulia, akatoka bila kumtazama. Baadaye kidogo Paskazia akamsikia zizini, akimwita kwa upole ng'ombe aliyezaa wiki ile.