Usaili wa Bibi Mkawasi

Kabla hapajapambazuka, kijiko kilisikika kikikwangua sufuria. Bibi Mkawasi alikuwa akitoa ukoko wa wali, autie kwenye kopo. Leo alikuwa anakwenda kusailiwa na mbwa.

Tangu mbwa wavishwe kola za kusema, sheria ni moja: mbwa ndiye anayechagua mtu. Naye bibi alikuwa amechoka kula peke yake.

Bintiye, Wakesho, alimpeleka kwanza kwa mfugaji wa mbwa wa nasaba.

"Bibi, ukoo wenu ukoje?" kitoto cha mbwa kiliuliza.

"Babu yangu alikuwa mwizi wa mbuzi," bibi akajibu kwa uaminifu.

Kitoto kikampa mgongo.

Wakaenda kwenye makao ya mbwa waliookotwa. Mbwa mzee wa sikio moja, aitwaye Kitunguu, alikula ukoko wote, akalamba kopo, kisha akaegemeza kichwa kifuani mwa bibi. Akakaa hivyo kwa muda.

"Wewe ni mtu mwema," kola ikasema. "Lakini moyo wako unaruka mapigo. Nimeshafiwa na wenyewe wawili. Wa tatu sitamweza."

"Huyu wa jalalani naye anachagua?" Wakesho akafoka.

"Mwache, mwanangu. Amesema kwa adabu." Bibi alimfuta Kitunguu tongotongo kwa pindo la leso, akajikongoja hadi mlangoni.

"Bibi," kola ikaita nyuma yake. "Jumanne uje tena kunitazama. Hata bila ukoko."