Ngazi za Mume wa Birthe

"Mzee, tuweke lengo gani la kwanza?" mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimuuliza mume wa Birthe, aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu tangu apigwe na kiharusi.

"Nipande ngazi mwenyewe."

"Safi! Pa kushikia kwenye ngazi pako upande gani?"

"Kushoto." Mkono wake uliobaki mzima ukainuka, vidole vikafumbata hewa, vikateleza juu taratibu kama vinapapasa ubao vinaoujua tangu zamani.

Birthe aliacha kukoroga kahawa. Nyumba yao mjini Ribe haina ghorofa, ni tambarare kama sahani. Kitu pekee cha kupanda humo ni kitanda.

Kwa wivu akakitua kijiko mezani kwa kishindo.

"Mwanangu, muulize vizuri," akamwambia mtaalamu. "Akishafika huko juu, nani humfungulia mlango?"